Sarafu Adimu za Afrika Mashariki: Nani Hupanga Bei Yake?

Edward wa Nane alikalia kiti cha enzi cha Uingereza kwa muda usiotimia mwaka mmoja. Alijiuzulu Desemba 1936, na Uingereza haikuwahi kutoa kwa matumizi ya kawaida sarafu yenye sura yake. Zilibaki sarafu chache za majaribio, na mojawapo, ya dhahabu na yenye tarehe ya 1937, iliuzwa kwa pauni milioni 1 mwanzoni mwa mwaka 2020. Huku Afrika Mashariki, jina la mfalme huyohuyo lilikuwa limekwisha kuzunguka sokoni. Senti 5 na senti 10 za enzi hizo zilikuwa za shaba na zilitobolewa katikati. Hazikubeba kichwa cha mfalme, zilibeba jina lake tu, kwa hiyo viwanda havikulazimika kungoja sura yake ichorwe na kuidhinishwa. Zikapigwa chapa kwa mamilioni mwaka huohuo wa 1936. Leo senti 10 hiyo iliyochakaa kidogo haitakugharimu zaidi ya chakula cha mchana cha kawaida.

Mfalme ni mmoja na kisa ni kilekile, ila bei ziko mbali mno. Anayetaka kukusanya sarafu, iwe kwa mapenzi au kwa akiba ya miaka mingi, aanze kwa kulielewa pengo hilo. Bei ya sarafu ya kale hutegemea idadi ya vipande vilivyosalia, hali ya kila kipande, na wingi wa watu wenye uwezo wanaokitafuta. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi kwetu, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua mengi yaliyobaki.

Tuanze na umri, maana ndio unaowapoteza wengi. Hakuna sarafu inayoonyesha udhaifu wa tarehe kuliko reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Wafanyabiashara wa Ethiopia, Yemen, Oman na Zanzibar waliizoea mno kiasi kwamba sarafu yenye sura au tarehe nyingine waliitilia shaka. Basi ikaendelea kutengenezwa ikiwa na tarehe ileile ya 1780, mjini Vienna, na kwa nyakati mbalimbali pia London, Birmingham, Paris, Roma na hata Bombay. Uzito wake ni gramu 28 na kitu, na sehemu 833 kati ya 1,000 ni fedha halisi. Reale utakayoonyeshwa katika duka la vitu vya kale Mji Mkongwe huenda ilitoka kiwandani karne ya 18, au ilitoka wakati baba yako anasoma shule ya msingi. Aghalabu thamani yake haizidi sana thamani ya madini yaliyomo. Muuzaji atakuelekeza kidole kwenye tarehe. Wewe muulize ilipigwa chapa wapi na anajuaje, kwa sababu wataalamu huzitofautisha kwa alama ndogondogo za vazi, kifua na mbawa za tai upande wa pili.

Kwa upande mwingine kuna sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, zilizotengenezwa papa hapa karne nyingi kabla ya Mreno kufika. Ni ndogo, hazina tarehe, na maandishi yake ya Kiarabu yamepangwa kwa vina: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na mistari miwili inaitikiana kwa mwisho wake. Sijui nchi nyingi ambazo sarafu ya matumizi ya kila siku ilikuwa pia beti dogo la shairi. Moja yenye jina la al-Hasan ibn Sulaiman, sultani aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, imefukuliwa Great Zimbabwe, na huo ni ushahidi wa biashara ya dhahabu iliyounganisha pwani na bara. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 na mwanajeshi katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wanahistoria wanabishana zilifikaje huko.

Ungetarajia sarafu za namna hiyo ziwe juu kabisa katika orodha ya bei. Haziko huko. Zile za shaba zimesalia kwa maelfu, na waliozitafuta katika minada ya nje siku zote wamekuwa wachache. Zaidi ya hayo, mtu wa huku asiziwazie kama kitega uchumi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kuvichimba, kuviuza au kuvitoa nje ya nchi pasipo kibali ni kuvunja sheria. Nchini Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inavigusa vitu vya kabla ya 1895, maana yake hata paisa ya shaba ya mwaka 1888 yenye neno Mombasa na alama ya mizani imo ndani ya mpaka huo.

Naunga mkono sheria hizo kwa moyo wote. Mwaka 1984, pale Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, wanaakiolojia walifukua akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za Kiislamu za ng'ambo. Kwa kuwa zilitolewa ardhini kwa utaratibu, pamoja na udongo na vyombo vilivyokuwa karibu nazo, tulijifunza kwamba kulikuwa na watawala waliotengeneza sarafu zao za fedha kwenye visiwa vyetu karibu miaka 1,000 iliyopita, na majina yao tukayapata. Songo Mnara nako sarafu zimekutwa kandokando ya makaburi, jambo linalotufundisha kuhusu ibada na kumbukumbu za wafu. Kipande kilekile kikichokolewa usiku na kuuzwa kwa mpita njia kinabaki shaba yenye kutu. Mkusanyaji mwenye kupenda historia atakiacha mahali kilipo, na ataanza mkusanyo wake kwenye karne ya 19 mwishoni na kuendelea.

Hapo ndipo mambo yanapokolea. Sultani Barghash bin Said alitoa sarafu zake mwaka 1299 Hijria, yaani 1882: paisa za shaba zenye mizani, reale za fedha, na chache za dhahabu, zote zikitengenezwa Brussels. Paisa zilizagaa pwani nzima na hadi leo hazina bei kubwa. Reale za fedha hazikufua dafu mbele ya Maria Theresa iliyozoeleka, na leo ni adimu kwelikweli. Za dhahabu ndizo zaidi. Mjukuu wa ndugu yake, Ali bin Hamud, alitoa mwaka 1908 senti zenye picha ya mnazi, nazo ni shida kuziona. Anayeziwinda hizi sana hayuko Unguja. Yuko Muscat na miji mingine ya Ghuba, ambako ukoo wa Al Busaid ungali unatawala Oman na kumbukumbu ya Zanzibar ni sehemu ya historia ya familia nyingi.

Sarafu maarufu kuliko zote za ardhi hii ilitengenezwa Tabora. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokatisha njia ya meli kutoka Ujerumani, koloni la Wajerumani lilikosa sarafu. Mwaka 1916, katika karakana ya reli, Wajerumani wakaanza kupiga chapa heller 5 na heller 20 kwa shaba na shaba nyeupe iliyopatikana popote, maganda ya risasi na mizinga yakiwemo. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Singida, ikageuzwa kuwa sarafu ya rupia 15: tembo akiinua mkonga na mlima nyuma yake upande mmoja, tai wa Kijerumani upande wa pili, na herufi T ya Tabora. Zilitengenezwa 16,000 na ushei. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo yakaingia Tabora, na kiwanda kikaishia hapo.

Tazama sasa hesabu yake. Sarafu hiyo ina uzito wa gramu 7.17, robo tatu yake dhahabu, yaani gramu 5.4 hivi za dhahabu safi. Bei yake mnadani ni mara nyingi ya dhahabu hiyo. Elfu kumi na sita si idadi ndogo. Zipo sarafu za Zanzibar zilizosalia chache kuliko hizo na zinauzwa kwa nafuu zaidi. Tofauti ni kwamba tembo wa Tabora anatafutwa na makundi mengi kwa pamoja: wakusanyaji wa Kijerumani wanaotaka kukamilisha seti ya makoloni yao, wapenzi wa sarafu za vita, wapenda dhahabu, na hata wanaokusanya sarafu zenye picha za wanyama tu. Heller 20 ya karakana ileile, mikono ileile, mwaka uleule, ilitengenezwa zaidi ya milioni moja, na mwanafunzi wa chuo anaweza kuimudu.

Kwa hiyo bei za sarafu zetu hupangwa Ujerumani, Uingereza, Marekani na Ghuba. Hilo lina madhara ya wazi kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa. Akiuza, huuza kwa mtu wa kati ambaye naye atauza kwa mwingine, na kila mmoja anakata chake. Akinunua mnadani ng'ambo, juu ya bei iliyogongewa nyundo ataongeza ada ya mnada, ambayo mara nyingi hufika asilimia 20 au kuzidi, kisha usafirishaji, bima na ushuru wa forodha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Umenunua sarafu kwa shilingi 1,000,000. Siku hiyohiyo ukimrudishia mfanyabiashara yeyote, tuseme atakupa 700,000, naye hajakudhulumu, maana lazima aishi. Ili upate fedha yako tu, bei lazima ipande kwa asilimia 43. Ikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, utangoja zaidi ya miaka saba kabla hujaona hata senti ya faida, na hapo mfumuko wa bei hatujauhesabu. Katika miaka hiyo sarafu haikukupa riba wala gawio. Hatifungani ya Serikali ingekulipa kila nusu mwaka, na vipande vya mfuko wa uwekezaji ungeweza kuviuza kwa siku chache mtoto akifukuzwa shule kwa kukosa ada. Sarafu adimu huuzwa mnunuzi anapopatikana.

Watetezi wa uwekezaji huu wana hoja moja yenye nguvu: sarafu inayotafutwa kimataifa ina bei ya dola na euro, hivyo shilingi ikishuka, akiba yako haishuki nayo. Ni kweli. Lakini faida hiyo utaipata pia kwenye dhahabu ya kawaida, ambayo kuipima na kuiuza ni rahisi zaidi. Hoja ya pili ni kwamba sarafu ya madini ya thamani ina sakafu: haiwezi kushuka chini ya madini yake. Hapa nashauri kuangalia kwa makini sakafu yenyewe iko wapi. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kati ya 1921 na 1946, yenye simba na milima, watu huiita sarafu ya fedha. Ukweli ni kwamba robo tu ni fedha, chini ya gramu 2. Rupia ya Mjerumani iko mbali zaidi, gramu 11.66 na karibu sehemu 92 kati ya 100 ni fedha.

Msimamo wangu basi ni huu: kwa mtu mwenye kipato cha kawaida, sarafu adimu zisiwe akiba ya uzeeni wala ya ada. Ziwe matumizi ya mapenzi yanayoweza kurudisha fedha, na mara mojamoja faida, kwa yule aliyesoma kabla ya kununua. Waliofaidika na sarafu kwa miaka 20 au 30 kwa kawaida ni watu ambao wangezikusanya hata kama zisingepanda bei, kwa kuwa mapenzi ndiyo yaliyowafanya wajue tofauti ndogo ambazo mwenye haraka ya faida hazioni. Mfano ni florini ya Afrika Mashariki. Ilidumu kwa muda mfupi mno, kati ya kuondoka kwa rupia mwaka 1920 na kuja kwa shilingi iliyofuata. Ya mwaka 1920 inapatikana. Ya 1921 ni adimu sana. Tarakimu moja tu ndiyo inayozitenganisha.

Hali ya sarafu nayo inastahili kutazamwa kwa utulivu. Wataalamu duniani hutumia kipimo cha 1 hadi 70, kilichobuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. 70 ni kipande kisicho na kasoro hata kikikuzwa kwa kioo. Sarafu mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana bei mara kumi kwa sababu moja ilipita mikononi mwa watu na nyingine haikupita. Kwetu kuna tatizo la ziada lenye uzuri wake: rupia na reale nyingi zilipelekwa kwa sonara zikawa vidani na mikufu. Zilitobolewa, zikatiwa vikonyo, au zikayeyushwa kabisa. Kwa mtu anayechunguza mavazi na mapambo ya pwani, kidani hicho ni hazina. Kwa soko la sarafu, alama ya tundu au ya kuchomelea imeondoa sehemu kubwa ya bei, na hairudi hata ikizibwa kwa ustadi.

Kasoro nyingine hutokana na nia njema. Mtu akipata sarafu ya babu, jambo la kwanza ni kuisugua kwa ndimu, majivu au dawa ya kung'arishia shaba ili aipeleke sokoni inang'aa. Usifanye hivyo kamwe. Utando mweusi au wa kahawia uliojengeka kwa miaka ndio ngozi ya sarafu na ndio ushahidi wa umri wake. Mnunuzi mjuzi akiona mikwaruzo ya kusugua hupunguza bei papo hapo. Tope likiwa limeganda, maji safi yasiyo na chumvi na subira vinatosha. Pwani adui mwingine ni hewa yenyewe, yenye unyevu na chumvi. Shaba huota kutu ya kijani ambayo huila polepole. Vifuko laini vya plastiki vya bei rahisi hutoa kemikali inayoacha unyevunyevu wa kijani juu ya sarafu, kwa hiyo tafuta vibebeo vya karatasi ngumu au plastiki ngumu vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, weka pamoja vile vipakiti vya kukausha unyevu, na shika sarafu kwa ukingo.

Kuhusu ulaghai, lazima kusema waziwazi, kwani unawaumiza watu wasio na cha kupoteza. Umeenea uvumi kwamba rupia ya Mjerumani ina thamani ya mamilioni, au ina nguvu zisizo za kawaida, au matajiri wa nje wanaisubiri. Rupia za kawaida, zilizotolewa kati ya 1890 na 1914 zikiwa na kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili, zipo nyingi, na iliyochakaa hupata bei iliyo juu kiasi ya fedha iliyomo. Zipo zinazopanda sana, kama rupia 2 za mwaka 1893 na 1894, lakini zinapanda kwa uhaba na hali, si kwa siri yoyote. Mtu anayekutaka ulipe kwanza ada ya kupima, au ya kibali, ili mnunuzi wa Ulaya atume mamilioni, hana mnunuzi.

Nakala bandia nazo zipo, na kila bei inapopanda huongezeka. Kinga ya kwanza ni mzani mdogo wa kidijitali unaosoma sehemu za gramu. Linganisha uzito na kipenyo na vipimo vilivyochapishwa katika katalogi za sarafu za dunia. Sumaku isivute dhahabu, fedha wala shaba. Tazama ukingo, maana waigaji hushughulikia nyuso mbili wakausahau. Reale halisi ya Maria Theresa ina maandishi ya Kilatini kuzunguka ukingo wake. Kwa kitu cha thamani kama rupia 15 ya Tabora, nunua ile iliyokwisha kuthibitishwa na kampuni inayotambulika ya kupima sarafu, hata kama italazimu kungoja mwaka mwingine.

Aanze wapi basi mtu wa hapa? Mimi ningeanza na zile ambazo soko la nje bado halijazijali sana, na ambazo sisi tunazijua vizuri kuliko wao. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi Juni 14, 1966, na sarafu za kwanza zikatoka mwaka huo: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, shilingi yenye mwenge, zote na Mwalimu Nyerere upande wa pili. Zilitumika hadi zikalainika, hivyo kipande kisichoguswa ni kigumu kupatikana kuliko idadi ya kiwandani inavyoonyesha. Nyongeza nzuri ni senti 5 na 10 za mwaka 1964, sarafu za mwisho za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ambazo jina la mfalme au malkia lilikwisha kuondolewa. Kwa mwenye uwezo zaidi, kuna sarafu za hifadhi ya wanyama za Tanzania za 1974: twiga na kifaru za fedha, na duma wa dhahabu wa shilingi 1,500. Kenya ina seti ya dhahabu ya Mzee Kenyatta ya 1966, na sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003. Tangu 2018 sarafu za Kenya zinabeba twiga, kifaru, simba na tembo, kwa kuwa Katiba ya 2010 imekataza sura ya mtu yeyote. Mtoto wa shule anaweza kukamilisha seti hiyo mwezi huu kwa chenji ya dukani, na akichagua zilizo safi zaidi atakuwa amejifunza nusu ya kazi.

Sipendi kuahidi kwamba hizi zitapanda. Zitapanda ikiwa Watanzania na Wakenya wenyewe watazitaka, kama Wajerumani walivyozitaka rupia zao. Masoko ya sarafu ya nchi nyingine yalikua raia walipopata kipato cha ziada na hamu ya historia yao. Kipato cha ziada kinaongezeka kwetu taratibu, na hamu inategemea tunafundisha nini.

Jambo la mwisho ni la warithi. Kwa kila sarafu andika daftarini ilinunuliwa lini, kwa nani, kwa bei gani, ina uzito gani, namba yake katika katalogi, na jina la mtu mmoja au wawili wanaoweza kuaminiwa kuiuza. Piga picha pande zote mbili na uweke risiti pamoja nazo. Familia isiyo na daftari hilo itafunga sarafu zote kwenye kitambaa kimoja na kuzipeleka kwa sonara, naye atazipima zote pamoja kwa gramu.